Kachumbari Tamu ya Nyanya: Bakuli la Watoto na Bakuli la Wakubwa



  

Mada niliyopewa na ndugu zetu wa kamati ilikuwa futari na afya ya kijana. Nikawaambia mimi si daktari, niacheni nizungumzie saladi ya matunda. Wakacheka. Na wewe ukitaka kucheka cheka sasa hivi, kwa sababu huko mbele kuna mahali mimi mwenyewe nililia.

Kwetu ni Werugha, juu kwenye milima ya Taita. Ukitoka Voi unafika Mwatate, unapanda Wundanyi, halafu unazidi kupanda. Voi iko kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari na joto lake mnalijua. Huko kwetu kilele cha Vuria kina mita 2,208, na ukungu ukishuka jioni utatafuta sweta hata kama ulikuja umevaa kanzu peke yake. Baba yangu alisilimu akiwa kijana anafanya kazi Voi. Kwa hiyo sisi wa Voi ni Waislamu, na wa Werugha, kuanzia nyanya mpaka mjomba na binamu, wengi ni watu wa kanisa. Najua katika mkoba huu wa Taita Taveta siko peke yangu. Wako wengi hapa wenye nyanya anayekwenda misa na babu aliyezikwa kwenye makaburi ya kanisa, nao ni damu yao.

Basi kila Disemba ukoo wote ulikuwa unapanda mlima. Wengine kutoka Mombasa, wengine Nairobi, na tangu treni mpya ianze mwaka 2017 wanashuka stesheni ya Voi wamebeba mabegi na maneno mengi. Mbuzi alikuwa akichinjwa na baba, na hilo nyanya alilisimamia mwenyewe bila kuombwa. Alisema nyama ikichinjwa na mwanawe italiwa na wote, ikichinjwa na mwingine nusu ya wajukuu watakula ugali mkavu. Nyama inachomwa nyuma ya nyumba, moshi unaingia machoni, wazee wanagombania maini. Na ikishaliwa, ndipo sisi watoto tulipokuwa tukisubiri: nyanya anatoka na beseni lake la buluu la kachumbari tamu.

Hilo ndilo jina tulilolipa. Papai la shambani, ndizi kutoka soko la Taveta, maembe na nanasi zilizopandishwa na wageni wa Mombasa, machungwa. Juu yake anamwaga soda ya machungwa chupa mbili, kopo la maziwa mazito, jeli nyekundu ya paketi, na mwisho biskuti za glukosi zilizovunjwavunjwa. Ukila unajilamba mpaka kiwiko. Jeli yenyewe haikuwahi kuganda hata mwaka mmoja. Ilikuwa majimaji mekundu tu, na nyanya kila mwaka alilaumu duka.

Duka halikuwa na kosa. Nilikuja kuelewa chuoni. Ndani ya papai na nanasi ambazo hazijapikwa mna kimeng'enya kinachokatakata protini, na jeli ya kawaida ni protini. Ndiyo maana mama zetu wa Pwani hupaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki ili ilainike. Nyanya alikuwa akilainisha jeli yake kila mwaka bila kujua. Lakini hiyo jeli nitairudia, kwa sababu ina mambo mengine mazito kuliko kutoganda.

Sasa mwaka ule nilikuwa darasa la sita. Nimetoka madrasa, nimehifadhi juzuu mbili, najiona sheikh. Mjomba mmoja alikuja na wazo jipya. Alisema kachumbari tamu ni ya watoto, mwaka huu tutatengeneza na ya wakubwa. Akagawa matunda mafungu mawili, na lile fungu la pili akalimwagia mvinyo, akalifunika sahani, akaliacha lilowe tangu asubuhi. Hakuna aliyetuambia. Mabakuli yalifanana. Nyama ilipokwisha mimi nikajipakulia katika lile la karibu, nikala vijiko vitatu vinne, nikasema mbona papai limechacha? Watu wakaangua kicheko. Binamu yangu akasema, "Umekula ya wakubwa!"

Ndugu msomaji, kwa kula kwenyewe sikuwa na dhambi. Sikujua, na tena nilikuwa mtoto. Mwenye kula haramu bila kujua hana lawama, akijua aache, ateme, asukutue, yaishe. Lakini mimi sikuyaacha yaishe. Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikamwambia nyanya yangu, mwenye umri ule, kwamba nyumba yake ni najisi na chakula chake ni najisi na sitakula kwake tena. Kwa sauti. Nyanya hakujibu kitu. Alichukua beseni lake la buluu, lile la watoto ambalo halikuwa na tone la mvinyo, akaenda kulimwaga kwenye migomba. Ndipo nilipolia, lakini matunda yalikuwa yameshamwagika.

Mwaka uliofuata hakukuwa na kachumbari tamu. Wala uliofuata huo. Baba hakunichapa. Alinipeleka kwa maalim wangu, akamweleza, na maalim akanifundisha kwa jioni kadhaa mambo ambayo leo nataka kukushirikisha.

La kwanza, kuhusu mvinyo nilikuwa sahihi. Hilo tusilifiche kwa kuogopa watu. Katika Suratul Maida, aya ya 90, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuuepuke ulevi, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kitu kinacholevya kikiwa kingi, hata kichache chake ni haramu. Kwa hiyo ile hoja ya "ni kijiko tu, huwezi kulewa" haisimami. Na ile ya "mvinyo ukiingia kwenye chakula unaruka" pia haisimami, kwani saladi haipikwi, utaruka uende wapi? Sisi huku tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tunasema kilevi hicho ni najisi, kimeharibu bakuli zima. Kuna pia mafundisho kwamba Muislamu asikae kwenye meza ambayo pombe inazungushwa. Kwa hiyo kuondoka pale kulikuwa haki yangu.

Lakini maalim akanifungulia aya inayofuata, ya 91, inayoeleza kwamba kwa ulevi na kamari shetani anataka kutia uadui na chuki kati yetu. Akaniuliza, "Mjomba wako alikunywa, akagombana na mtu?" Nikasema hapana. "Na wewe uliyekuwa huna tone, umegombana na nani?" Nilinyamaza. Yaani mimi nilimfanyia shetani kazi yake bila hata kulewa.

Akanikumbusha Asma binti Abubakar (R.A.), ambaye mama yake alimjia Madina angali mshirikina, naye akaenda kumuuliza Mtume (S.A.W.) kama aunge naye udugu. Akaambiwa amuunge mama yake. Imo katika Bukhari na Muslim. Yule mama hakuwa hata miongoni mwa watu wa kitabu. Nyanya yangu mimi anaamini Mungu mmoja kwa namna yake, anaswali kwa namna yake, na alihakikisha mbuzi anachinjwa na Muislamu. Nilimlipa nini?

Jeli ile

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaukimbia mvinyo halafu tunameza jeli na peremende za mpira bila kuuliza. Jeli ya kawaida ya paketi hugandishwa na jelatini, nayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama. Ng'ombe yumo, na nguruwe yumo sana. Wanazuoni wamelizungumza. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilisema jelatini ya nguruwe haifai, na ile ya mimea au ya mnyama halali aliyechinjwa kisheria inafaa. Kikao cha wanazuoni na madaktari kilichofanyika Kuwait mwaka 1995 kilitazama suala la kitu kubadilika dhati yake, kikalegeza. Mimi nafuata kauli ya kwanza, tena kwa sababu nyepesi tu: hatuna dhiki. Soma paketi. Kama imeandikwa jelatini na hakuna nembo ya halali wala asili yake, iache dukani.

Wala hukosi cha kugandisha. Nenda kwenye duka lolote la viungo Mombasa uulize chaina grasi. Mama zetu wa mjini wanaijua, kila Ramadhan wanagandishia maziwa na iliki. Inatokana na mwani wa baharini. (Mwani unaolimwa na kina mama wa Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 nao hutolewa kitu cha namna hiyo cha kugandishia vyakula viwandani.) Chaina grasi si protini, basi papai haliiwezi. Unaichemsha mpaka iyeyuke kabisa, unamimina kwenye sinia, inaganda hapo hapo mezani bila friji. Kwa nyumba zisizo na stima ni rehema.

Bakuli langu la wakubwa

Nilipoingia chuo kikuu nilikuwa najipikia. Msishangae mvulana kuzungumza mambo ya jikoni, Bibi Aisha (R.A.) ametueleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake. Nikawa nafikiria lile neno la mjomba, saladi ya wakubwa. Kusema kweli mjomba hakukosea kila kitu. Ile ya zamani ilikuwa ya watoto: sukari juu ya sukari. Chupa ya soda ya mililita 300 pekee hukaribia gramu 30 za sukari, kama vijiko saba vya chai, na nyanya alitia mbili kubwa, na maziwa ya kopo ni sukari tena. Ukiwa na miaka minane unafurahi. Ukiwa umefunga tangu alfajiri, tumbo tupu, ukaanza na hiyo, saa moja baadaye umelala kama gunia, tarawehe inakupita. Mtu mzima anataka uchachu, anataka ukali kidogo, harufu ya moshi. Mjomba alivitafuta hivyo kwenye chupa. Mimi nilivitafuta kwenye jiko la makaa.

Sikiliza, kwa watu kumi hivi. Chukua nanasi moja kubwa, limenye, likate vipande vinene kama kidole gumba. Makaa yakishamaliza nyama, yamelala na majivu juu, sugua wavu kwa nusu kitunguu mpaka mafuta yatoke, weka nanasi upande huu dakika tatu, upande ule tatu, lipate mistari. Ndizi mbivu nne zichome na maganda yake mpaka ziwe nyeusi, kisha zifungue. Usiogope sura yake. Papai moja la wastani na machungwa matatu vinabaki vibichi.

Mchuzi ndio siri. Ukwaju wa huku chini, konzi moja, loweka kwenye kikombe cha maji ya moto, kamua, chuja. Tende kumi zitoe kokwa, ziponde humo. Tia tangawizi ya kutwanga kama kijiko cha chai, pilipili manga kidogo, na chumvi ya kubana vidole. Chemsha mpaka iwe nzito kama asali. Watu wa Pwani wanaokula embe bichi kwa chumvi na pilipili wataelewa mara moja, wa milimani watakunja uso kwanza. Hakuna sukari hapo, utamu wote ni wa tende.

Changanya matunda na mchuzi ungali vuguvugu. Parachichi mbili za Werugha zikate mwisho kabisa, zimwagie ndimu mbili ili zisigeuke rangi. Pasheni nane juu, mbegu na yote, na majani ya mnanaa. Ukitaka uzito tumia mtindi au tui zito. Makadamia au korosho zilizokaangwa badala ya biskuti, kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, njugu karanga ni nzuri vile vile, tusitiane umasikini wa moyo.

Kuchanganya ili kimoja kisawazishe kingine si jambo la kigeni katika dini. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alionekana akila tende mbichi pamoja na matango. Na katika Abu Daud imepokewa kwamba alikula tikiti pamoja na tende mbichi, ubaridi wa hili uvunje joto la ile. Lakini kwa futari anza na Sunna, tende na maji, swali Maghrib, ndipo uje kwenye bakuli.

Na jambo moja la tahadhari ambalo watu wengi hawalifikirii. Matunda yaliyokatwa, yametiwa utamu na kufunikwa, yakiachwa huanza kuchacha yenyewe. Chachu iko kwenye maganda, iko hewani. Mtume (S.A.W.) alikuwa akilowekewa zabibu au tende akinywa maji yake, lakini ilikuwa na mpaka, haikuvuka siku ya tatu. Na alikataza kuloweka tende na zabibu pamoja. Imam Nawawi ameeleza sababu, kwamba mchanganyiko huo huwahi kulevya kabla ladha haijabadilika, mnywaji akadhani bado haujafika. Tazama hekima hiyo, kisha utazame bakuli letu, matunda sita pamoja! Werugha kwa baridi yake unaweza kuliacha usiku mmoja ukaliwahi kwa daku. Voi, kwa joto lile, bila friji, usithubutu. Ukiona linatoa povu, au kifuniko kimenyanyuka, au linanusa kama lile papai nililokula darasa la sita, mwaga. Afadhali utengeneze dogo liishe.

Kurudi Werugha

Mwaka 2025 Ramadhan iliangukia Machi, na Kwaresima ya wenzetu wa kanisa nayo ilianza Machi. Nyanya alikuwa amejinyima chai ya maziwa. Mimi nilipata likizo fupi, nikapanda mlima na kikapu: nanasi, ukwaju, tende. Nilikuwa sijawahi kumwomba msamaha kwa maneno. Tulikuwa tunasalimiana, namwinamia, ananipa mkono, basi. Kwa miaka yote ile hatukuligusa.

Nikamwambia, "Nyanya, leo nitafuturu kwako. Naomba jiko na lile beseni la buluu." Akaniangalia. Akasema, "Beseni lina ufa." Nikasema lina ufa vipi? Akasema, "Nililitupa siku ile likagonga jiwe." Hakuongeza. Nikapiga magoti pale pale penye vumbi la mkaa nikamwambia, nyanya nilikosea, mvinyo sikuutaka na mpaka leo siutaki, lakini wewe hukuutia na nyumba yako si najisi. Akasema, "Najua sikuutia. Nilikuwa nangoja wewe ujue."

Tulitumia sufuria. Yeye akashika koleo za nanasi, hakuniamini na moto wake. Mjomba yule yule alipita kunisalimia, akakaribishwa. Jua lilipozama nikafungua kwa tende, nikaswali chumbani kwake, akanitandikia leso yake safi bila kuambiwa. Niliporudi wote walikuwa hawajagusa kitu, wananingoja. Mjomba akala, akapakua mara ya pili, akasema ni nzuri ila kuna kitu kimepungua. Nyanya akamwambia, "Kilichopungua hakitaingia tena hapa siku ambayo wajukuu wangu wa Voi wapo." Mjomba akacheka, akakubali. Sikuwa nimemwomba nyanya aseme hivyo.

Kuna hesabu nyingine niliyomfanyia usiku ule. Ramadhan inarudi nyuma kama siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Baba anakumbuka mwaka 2000, Idd-ul-Fitr ilikuja siku mbili tatu tu baada ya Krismasi. Na mwaka 2030 kwa hesabu Ramadhan itaingia mara mbili, Januari mapema, halafu tena mwishoni mwa Disemba, ukoo mzima ukiwa Werugha na mbuzi amefungwa kwenye mti. Nusu yetu tutakuwa tumefunga, nusu wanataka kula mchana. Nikamuuliza nyanya tutafanyaje.

Alifikiria, akapangusa sufuria kwa kidole, akalamba. "Nyama itachomwa jioni," akasema. "Na bakuli utatengeneza wewe. Ila uninunulie beseni jipya mapema, la buluu."